Leseni ya Windows haikai kwenye diski: yaliyonikuta nikihamisha VM ya duka

Simu iliita Jumatatu asubuhi nipo kwenye daladala nimebanwa, hata shikamoo sikumaliza. "Mwanangu, kuna maandishi kwenye kona ya kompyuta hayatoki, nimefuta kioo na kitambaa cha maji bado yapo tu." Ni mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, mimi ndo namtunzia kompyuta zake, na nikajua hapo hapo ni yale maandishi yaliyofifia ya kulia chini, Windows inadai iaktivetiwe. Ijumaa nilikuwa nimemhamishia kompyuta yake yote kwenye VM, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine, nikaondoka nimejaa sifa.

Niwape picha kidogo. Programu yake ya stoo na mauzo ni ya zamani, inakubali Windows tu, aliyeitengeneza hapatikani, na desktop iliyoibeba ilikuwa imechoka kiasi kwamba feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikanunua kimashine kidogo kipya, nikaweka Linux na KVM, ambayo ndo inaendesha VM kwenye Linux, nikachukua diski ya zamani nzima nikaigeuza faili, VM ikabuti bila shida, programu ikafunguka, madeni ya wateja yote yapo, printa ya risiti inachapa. Leseni tu ndo iligoma.

Na msinione mzembe, nilicheki kabla! Kwenye ile desktop niliandika slmgr /dli, amri ya Windows ya kuonyesha leseni, ikaniletea kwamba leseni ni RETAIL, yaani ya rejareja, na ya rejareja inahamishika. Kumbe mtego. Ile kompyuta ilikuja na Windows 7 kiwandani, stika iko ubavuni, ikapandishwa kwenda Windows 10 bure enzi zile za ofa ya 2015 na 2016, na mashine zilizopanda hivyo zinapewa ufunguo (ile namba ya leseni) wa kawaida ambao mamilioni ya watu wanao huo huo mmoja. Kwa Windows 10 Pro herufi tano za mwisho zinakuwa 3V66T, kwa Home 8HVX7. Ukiona hizo, neno RETAIL lisikudanganye, leseni yako ya kweli ni kumbukumbu iliyoko kwenye seva za Microsoft inayosema mashine yenye sura hii iliruhusiwa. Na kama ilianzia kwenye leseni ya OEM, yaani ya kiwandani iliyouzwa pamoja na mashine, inabaki ya OEM, inakufa na mothabodi yake.

Sasa hiyo "sura" ndo kitu nilichokuwa sikielewi vizuri na ndo sababu ya makala hii. Windows ikiwaka inaiuliza fimwea, ile programu ndogo ya kwenye mothabodi inayowasha kompyuta, yaani BIOS ya zamani au UEFI ya siku hizi, we nani? Fimwea inajibu jina la mtengenezaji, UUID ya mashine, yaani namba yake ya utambulisho, na majedwali fulani ya ACPI, ambayo ni orodha za taarifa fimwea inazoipa Windows. Enzi za Vista na Windows 7 watengenezaji wakubwa walikuwa wanaweka jedwali linaitwa SLIC, Windows ikilikuta na likilingana na cheti kilichoko kwenye diski inajiaktiveti yenyewe hata bila intaneti. Kuanzia Windows 8 wakabadilisha, wakaweka jedwali la MSDM ambalo ndani yake umeandikwa ufunguo mzima, wa mashine hiyo moja tu. Ndo maana laptop za siku hizi hazina stika ya namba, na ukifomati inajikumbuka yenyewe.

VM sasa ina fimwea yake ya kuigiza, kwenye KVM ni SeaBIOS kwa wanaotumia BIOS na OVMF kwa wanaotumia UEFI, na hiyo haina SLIC wala MSDM ya mtu yeyote. Wewe umekopi diski, Windows imeamka imekuta mothabodi hadi kadi ya mtandao ni ngeni kwake, unategemea nini? Ni kama mtu umemhamishia nguo zake zote nyumba mpya yeye mwenyewe ukamwacha kule.

(Hapa kuna kitu kitawafaa wanaonunua laptop za mtumba. Buti Linux kwenye flashi halafu andika sudo cat /sys/firmware/acpi/tables/MSDM, kama ilikuja na Windows 8 au ya baadaye mara nyingi utaona herufi 25 za ufunguo mwishoni, zimegawanywa tano tano. Faili likiwa halipo na muuzaji anaapa Windows ni orijino ya kiwandani, muulize vizuri.)

Nilipomweleza jamaa yangu mmoja fundi akacheka, akasema mbona rahisi, nikupe faili la SLIC uichomeke kwenye VM. Na kweli kiufundi inawezekana, QEMU, programu inayoigiza vifaa vya VM, inakubali kuongezewa jedwali la ACPI, na libvirt inayozisimamia VM ina sehemu yake kabisa kwenye XML, lile faili la maandishi lenye maelezo ya VM. Ila hilo faili limetoka kwenye mashine ya nani? Huo ni utambulisho wa kompyuta ya mtu mwingine, na mimi siweki hiyo kitu kwenye biashara ya mtu ambaye jina lake liko kwenye leseni ya duka. Na zile programu za kukraki leseni ndo usiseme, unazima antivirusi mwenyewe kwa mkono wako ili uingize faili usilolijua kwenye kompyuta yenye hesabu za mama wa watu.

Nikamwambia ukweli mama, inabidi tununue leseni ya rejareja, akaguna, akalalamika kwamba kompyuta ya zamani haikuwahi kumdai, akalipa. Tukaja kuipata yenye boksi na kadi, nikaingiza ufunguo wake kwa amri ya slmgr /ipk, maandishi yakatoka. Kadi akaipini na risiti akaiweka kwenye faili lake la risiti, maana huyu mama risiti ya msumari wa mwaka juzi anayo.

Bei ziwaongoze jamani. Ukiuziwa ufunguo mtandaoni kwa bei ya chipsi kuku, mara nyingi ni wa jumla, ulitolewa kwa kampuni au chuo ukauzwa kwa watu mia, na siku Microsoft wakiufungia unabaki na skrinishoti ya mazungumzo ya WhatsApp. Waliopewa VM na ofisi nao wajue, leseni nyingi za ofisi ni za KMS, yaani zinaaktivetiwa na seva ya ofisi yenyewe, hizo zinadumu siku 180 na lazima VM iione seva ya ofisi ndani ya muda huo. Ukakaa nayo nyumbani miezi saba bila kuunga VPN, usishangae. Kama unajifunza tu huhitaji kununua chochote, Microsoft wana Windows ya majaribio ya Enterprise ya siku 90, vunja humo utakavyo.

Baada ya miezi kadhaa umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, kile kimashine kikaungua. Bakapu ya diski nilikuwa nayo, nikanunua kingine, nikatengeneza VM mpya, nikachomeka diski, na maandishi yakarudi! Erro 0xC004F211, inasema vifaa vimebadilika. Nilikaa nikajitazama. Nilibeba diski nikaacha UUID, kosa lile lile, tena safari hii halikuwa na sababu maana UUID ya VM ni mstari mmoja tu kwenye faili la maandishi. Bahati kwenye bakapu nilikuta XML ya zamani niliyoitupia kwa virsh dumpxml siku nyingine kwa shughuli nyingine kabisa, nikaichukua yote ilivyo na UUID yake na MAC adresi yake, namba ya kadi ya mtandao, nikaianzisha VM kwa hiyo, ikaamka imeaktivetiwa kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo ukibakapu VM bakapu na maelezo yake, sio diski peke yake. Kwenye KVM ni ile XML, na kama unatumia UEFI beba na faili lake la NVRAM, linalotunza setingi za UEFI, lililoko /var/lib/libvirt/qemu/nvram, na kama umeweka TPM ya kuigiza, ile chipu ya kutunza siri za usalama, beba na folda la swtpm inayoiigiza, maana BitLocker, ule ufungaji wa diski wa Windows, ikiwa imewashwa na TPM ikapotea utaombwa ule ufunguo wa tarakimu 48 na kama hukuuhifadhi ndo basi tena. Kwenye programu nyingine za VM ni hivyo hivyo: VirtualBox ukikopi VM kuna sehemu ya kutiki kwamba UUID za vifaa zibaki, watu wengi wanaipita. VMware yenyewe inakuuliza ukiiwasha sehemu mpya, umeihamisha au umeinakili, na ukisema umeinakili inatengeneza UUID mpya. Ila usitumie hii kuendesha nakala mbili kwa leseni moja, ya zamani ifute.

La mwisho kunitesa ni Windows 11. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kupewa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, mama akasikia mahali akaanza kunisumbua, na Windows 11 inataka UEFI yenye Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachobuti, na TPM 2.0, wakati VM yetu ni ya BIOS. Kubadilisha fimwea kwenye VM yenye Windows tayari sio kubonyeza kitufe. Nilibadilisha tu kwa pupa, diski ikawa MBR, mpangilio wa zamani wa BIOS, kwa hiyo haikubuti kabisa, nikarudi BIOS, nikaendesha mbr2gpt ndani ya Windows, amri inayoigeuza diski kuwa GPT inayotakiwa na UEFI, nikazima, ndo nikaweka OVMF nikiacha UUID vile vile. Ikabuti ila leseni ikalalamika tena, sura imebadilika mno. Safari hii sikuhangaika, leseni ni ya rejareja na nilishaiunga na akaunti ya Microsoft ya duka, nikaingia kwenye setingi za aktivesheni, nikachagua kwamba nimebadilisha vifaa hivi karibuni, dakika mbili imeisha. Huo muungano wa akaunti upo tangu toleo la 1607 la mwaka 2016, na kama hujaufanya ufanye kabla hujagusa fimwea, ukishagusa umechelewa.

Siku namaliza nikachapa karatasi yenye UUID ya VM, zile herufi na namba 32 zenye vistari, nikampa mama aiweke pamoja na kadi ya leseni. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, akaniangalia. "Mwanangu, hii control namba nailipia benki au kwenye simu?"