"Tieni" na "mtaruzukiwa": kumbe ni kitenzi kimoja?

Swali: Nimesikia kwamba "tieni" katika 2 Petro 1:5 na "mtaruzukiwa" katika aya ya 11, kwenye Biblia ya Union Version, ni kitenzi kimoja cha Kigiriki. Kina maana gani hasa?

Jibu: Umesikia sawa. Ni epikhoregeo. Epi ni kiambishi cha mbele tu. Mwili wa neno ni khoregeo, lililotokana na khoros, kundi la waimbaji wanaocheza, na hegeomai, kuongoza. Hata "kwaya" yetu asili yake ni khoros hiyohiyo, ikatufikia kupitia Kilatini na Kiingereza.

Huko Athens, sherehe za mungu Dionysus zilipokaribia, tajiri aliteuliwa awe khoregos. Kazi yake ilikuwa kuigharimia kwaya: mwalimu, chakula, mavazi, kwa muda wote wa mazoezi. Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa Athens, aliubeba mzigo huo mwaka 472 KK. Mwingine, ambaye Lysias, mwandishi wa hotuba, alimwandikia utetezi wake wa mahakamani, alitaja drakma 3,000 kwa kwaya moja ya tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wa huzuni, na fundi siku hizo alipata kama drakma 1 kwa siku. Aliyewahi kuimba kwaya anamjua mtu wa namna hii: ni mlezi wa kwaya, anayenunua sare na kinanda na kulipia basi, kisha siku ya tamasha anakaa kusikiliza wengine wakiimba.

Kufikia zama za Agano Jipya neno lilikuwa limeshatoka jukwaani. Katika 2 Wakorintho 9:10, Mungu ndiye anayempa mpanzi mbegu, kwa kitenzi hikihiki. Ndiyo maana "mtaruzukiwa" naipenda sana. Ruzuku ni ndugu wa riziki, kutoka Kiarabu; ni kumpa mtu cha kumwendesha maisha, na mtoaji wa kwanza anayetujia akilini ni Mungu. Leo tumelizoea kwenye ruzuku ya mbolea na ya vyama vya siasa, lakini utamu wake wa zamani haujaisha.

"Tieni" ndiyo inayonikera. Chumvi hutiwa mchuzini, maji hutiwa mtungini, na mtiaji hapungukiwi kitu. Khoregos alipungukiwa. Ningekuwa mfasiri ningeandika: "iruzukuni imani yenu wema, na wema wenu maarifa." Hapo msomaji angefika aya ya 11 na kusikia kwa masikio yake kwamba aliyeruzuku ndiye anayeruzukiwa.