Madoa ya kahawa na mgongo unaopinda

Dada, umeuliza kuhusu mwanao wa miaka 7: madoa ya rangi ya chai ya maziwa tangu uchanga, sasa mgongo umeanza kwenda upande, na shangazi zake wanasema karogwa. Binti yangu ana dalili hizohizo. Ugonjwa wake unaitwa neurofibromatosi aina ya 1.

Hesabu madoa. Yakiwa 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, daktari lazima aufikirie. Kisha mwinue mikono umtazame kwapani. Binti yangu ana vidoa vidogovidogo mle, mahali pasipopigwa jua, na ndivyo vilivyomshtua daktari wa ngozi. Zahanati walikuwa wakitupa dawa ya fangasi tu.

Lakini usiishie kwenye ngozi, nakuomba sana. Madoa hayaumi. Mgongo ndio wa kukimbilia! Mvue shati, ainame mbele, miguu pamoja, mikono ikining'inia, wewe simama nyuma yake. Binti yangu akisimama mabega yalikuwa sawa kabisa. Alipoinama, mbavu za kulia zikainuka juu ya za kushoto. Ukiona hivyo, usingoje likizo, mpeleke akapigwe eksrei. Kuna aina ya kupinda inayoanza mapema kwa watoto hawa na kwenda kasi, kwa sababu pingili zenyewe zina kasoro. Mkanda wa mgongo mara nyingi hauizuii, ndiyo maana unaweza kusikia upasuaji ukitajwa mapema. Kabla ya upasuaji ulizia MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, maana vinundu huweza kuota kwenye mishipa ya fahamu jirani na uti wa mgongo. Kama uko Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanatibu mifupa na mishipa ya fahamu.

Kuhusu kurogwa: kasoro iko kwenye jeni moja, yaani chembe ya urithi, iliyo katika kromosomu ya 17. Karibu nusu ya wagonjwa hawakurithi kwa mzazi yeyote, imeanza kwao. Wewe na baba yake mkaguliwe ngozi na macho, pasipo kulaumiana. Akikua, aelezwe kwamba kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

Hauambukizi. Shuleni wakimtenga, nenda na barua ya daktari, kama nilivyofanya mimi.

Apimwe na presha kila mwaka. Eksrei ikitoka, uliza mgongo umepinda digrii ngapi, uandike kwenye daftari la kliniki. Picha ijayo italinganishwa na hiyo.