Akili ya mtu mzima haifungi: jibu kwa mwalimu wa kisomo, Tandahimba

SWALI: Shikamoo mkufunzi. Najitolea kufundisha kisomo katika ghala la chama chetu cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, hapa Tandahimba. Darasa langu ni akina mama watu wazima na wazee wachache. Huu ni mwezi wa nne. Irabu na silabi wanaziimba vizuri sana, lakini ukiwapa stakabadhi ya korosho hawasomi, na wengine wameanza kuacha. Sasa amekuja kijana anayejiita mtaalamu wa ubongo. Anasema akili ya mtu ikishapita miaka thelathini inafunga, na yeye ana kozi ya siku kumi ya kuifungua, pamoja na vidonge vya kumbukumbu. Viongozi wa chama wako tayari kumlipa. Tumpe kazi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Msimlipe, na vidonge vyake msivinunue. Hakuna kidonge kinachomfundisha mtu herufi.

Nianze na hilo la akili kufunga, maana nalisikia kila ninapokwenda, Newala, Masasi, Nachingwea, hadi Kilwa, na linasemwa hata na walimu waliosomea kazi yao. Linasemwa kwa upole: "Mzee wangu, samaki mkunje angali mbichi." Mzee anaitikia, anafunga daftari, kesho haji. Limevunja madarasa mengi kuliko ukosefu wa chaki, na linanikera kwa sababu nchi yetu yenyewe ilishalikanusha. Sensa ya 1967 ilikuta takriban asilimia 67 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria yake. Kufika 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Madarasa yale yalijaa wakulima na wavuvi waliotoka kazini jioni, wenye wajukuu nyumbani. Akili zao zilikuwa zimefunga?

Wanasayansi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walikwenda kwa watu wazima wa vijijini nchini Ureno, wakawaomba waondoe sauti ya kwanza kwenye neno walilosikia. Waliokuwa hawajawahi kujifunza kusoma wengi walishindwa. Wenzao wa asili ileile, waliojifunza kusoma ukubwani, wengi waliweza. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wazima wa Brazil na Ureno. Waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima walionekana kuwa na sehemu ileile ya ubongo inayoitikia maandishi kama waliosoma utotoni. Kusoma ndiko kunakoijenga sehemu hiyo, hata ukianza umechelewa.

Sasa darasa lako. Wanaimba lakini hawasomi kwa sababu umewafundisha wimbo. Mtoto wa chekechea huimba a-e-i-o-u mwaka mzima na hakuna anayemdai kitu. Mama wa miaka hamsini anaushika wimbo kwa siku mbili, kwa kuwa masikio na kumbukumbu anazo, ila jicho lake halijaunganisha sauti na herufi yoyote. Jaribu kesho: andika u, e, a, o, i bila mpangilio, gusa moja moja, uone ni wangapi wanajua wanachokitazama.

Acha wimbo. Chukua neno wanaloliishi, kwa mfano kilo. Liandike kubwa, likate: ki, lo. Fungua jamaa zake, ka ke ki ko ku, halafu la le li lo lu, uziandike kwenye vipande vya kadibodi, kisha uwaachie wenyewe waunganishe. Watapata kula, kila, kali, lala, kuku, kaka, kelele. Hapo ndipo utaona uso wa mtu mzima unabadilika, kwa sababu amesoma neno ambalo hukumfundisha. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, silabi karibu zote husomwa kama zilivyoandikwa. Baada ya kilo nenda bei, gunia, salfa ya mikorosho. Cha ya chama na sho ya korosho ziache kwanza, zina herufi mbili kwa sauti moja.

Hesabu nayo inaharibiwa vivyo hivyo. Nilikaa katika darasa moja Mikindani ambako mwezeshaji alimpa mama mmoja vijiti, akamwambia ajumlishe mbili na tatu. Mama alinyamaza. Mwezeshaji akaandika kwenye daftari lake kuwa hajui hesabu. Yule mama ni muuza pweza. Nilimwuliza, kilo tatu na robo kwa shilingi 8,000 ni kiasi gani? "Elfu ishirini na sita," na sikuwa nimemaliza kuvuta pumzi. Alichokosa ni namna ya kuiandika elfu ishirini na sita, na hilo ni somo la siku chache. Vijiti vilimwambia kwamba anaonekana mtoto, naye akajibu kwa kunyamaza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye heshima zake angefanya.

Heshima hiyo uichunge, mwalimu. Kama mama mkwe na mkaza mwanawe wako darasa moja, usimsimamishe mama mkwe ubaoni asahihishwe mbele ya mkaza mwana. Hatarudi, na hatakwambia kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo naamini limo darasani kwako. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu yanakuwa ukungu. Mtazame anayepokea karatasi akainyoosha mkono wote, au anayesogea mlangoni kwenye mwanga. Yule haoni. Miwani ya kusomea ya kawaida itamtosha mara nyingi, na kama hata vya mbali havioni au jicho linauma, aende kitengo cha macho hospitalini. Nimeona watu walioitwa wazito wa kuelewa wakasoma wiki hiyohiyo walipovaa miwani. Huyo mtaalamu wenu wa ubongo amewakagua macho?

Nisikufiche panapomlemea mtu mzima kweli. Ni kasi. Anazijua silabi zote, lakini kila moja anaitafuta, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea, kwa kuwa kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba vitu vichache kwa muda mfupi. Hapo mwezeshaji anasema "amesoma lakini haelewi", naye mwenyewe anaamini yaleyale ya akili kufunga. Dawa yake ni kurudia, mara nyingi mno, hadi silabi ije yenyewe. Mama zako wanajua kubangua korosho. Wepesi ule wa mikono waliupata kwa korosho ngapi? Kusoma kunaingia vivyo hivyo, na ndiyo sababu siku kumi ni uongo. Atakayewafundisha siku kumi atawaacha pale ulipowafikisha wewe, wanaziimba silabi ila hawasomi, na miezi mitatu baadaye hata hizo zimefutika. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi mambo mapya yanavyosahaulika haraka yasiporudiwa, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo dakika arobaini, siku nne kwa wiki, zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Kila mtu aende nyumbani na karatasi ya kusoma, akipenda asomewe na mjukuu kwanza, kisha asome yeye.

Na hili nawaambia viongozi wa vyama vya msingi na wote wanaotoa fedha za mafunzo huku kusini. Wataalamu wa aina hii wanazunguka, na kila mmoja ana maneno yake. Mmoja atawagawa wanachama wenu kwa dodoso, huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, yule kwa vitendo. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti hizo mwaka 2008 wasikute ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake kunamsaidia. Mwingine ataonyesha mchoro unaosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na 90 ya tunachotenda. Edgar Dale, anayebandikwa mchoro huo, aliuchora mwaka 1946 bila asilimia yoyote. Namba ziliongezwa na watu wengine. Mtu akija na namba hizo, mwulizeni zimetoka wapi. Mwulizeni pia wanafunzi wake wa mwaka jana wako kijiji gani, mwende na stakabadhi mkononi mkawape wasome. Asiyeweza kuwataja msimpe hata nauli.

Mkulima asiyesoma stakabadhi yake anapangiwa uzito na daraja na mtu mwingine, na asiyejua alichouza ndiye rahisi kunaswa na wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo. Fedha iliyotengwa kwa kozi ile inunue miwani, daftari, na nakala za stakabadhi tupu za kufanyia mazoezi, na inayobaki iwe posho yako, mwalimu. Anzeni sasa, kabla ya mavuno. Korosho zikianza kudondoka hamtapata mtu ghalani, na ghala lenyewe litakuwa limejaa magunia. Wakati huo darasa lihamie chini ya mkorosho, dakika ishirini, penye watu wanaookota.