Picha za nyuma zimegoma kupishana

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Mikindani, kompyuta najifunza mwenyewe kwa laptopu ya kuazima. Mama mdogo ana nyumba ya wageni huku karibu na bahari nikamwambia ntamtengenezea websaiti, nimeweka picha 6, ya kwanza ngalawa za hapa hapa, ya pili ufukwe wa Msimbati, nataka zipishane zenyewe nyuma ya ukurasa kila sekunde 5 ila nikifungua inaruka fasta kwenda Msimbati halafu inaganda hapo hapo. Kwenye JavaScript nimeandika setInterval(badilisha(), 5000), na ndani ya badilisha kuna namba++ halafu naita picha[namba]. Siku ya pili leo nakesha, nakosea wapi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umebakiza padogo sana. Toa yale mabano baada ya badilisha, andika setInterval(badilisha, 5000) basi. Ukiweka mabano unaiambia fankisheni, yaani lile fungu la maagizo uliloliita badilisha, ifanye kazi sasa hivi, ndo maana picha ya pili inatokea papo hapo, halafu setInterval inabaki mikono mitupu haina wa kumwita. Bila mabano ni kama umempa mlinzi jina la mtu wa kumwamsha kila baada ya muda fulani, na huo muda unahesabiwa kwa milisekunde, 1000 ni sekunde moja.

Ukishatoa hayo mabano utakutana na shida ya pili, nakwambia kabisa usije ukakesha tena. Orodha ya picha inaanza kuhesabu 0, kwahiyo picha zako 6 zinaishia namba 5, sasa hiyo namba++ inayoongeza moja kila mara itapanda mpaka 6, 7, 8 ambako hakuna picha na nyuma kutabaki peupe. Weka hivi:

namba = (namba + 1) % picha.length;

Hapo picha.length ni idadi ya picha, na hiyo alama ya asilimia inatoa baki la kugawanya, 6 kwa 6 haibaki kitu, unarudi 0 kwenye ngalawa zako.

Ila kinachoniuma zaidi ni uzito wa picha. Picha ya simu siku hizi inafika MB 4 bila shida, zidisha mara 6, hiyo ni MB 24 za bando la mgeni ambaye anatafuta bei ya chumba tu! Zipunguze upana zifike pikseli 1600, hifadhi kwa JPEG, kila moja inaweza kushuka chini ya KB 300. Na usizipakue zote kwa mkupuo, mwisho wa badilisha ongeza mstari huu uandae inayofuata tu ili isije na mweko mweupe:

new Image().src = picha[(namba + 1) % picha.length];

Majina ya faili yaandike yote kwa herufi ndogo, maana Msimbati.JPG na msimbati.jpg kwenye Windows ni kitu kimoja ila seva nyingi, zile kompyuta zinazohifadhi websaiti, zinatumia mfumo wa Linux na kule ni mafaili mawili tofauti.

Halafu angalia maandishi, mchanga wa Msimbati unang'aa, namba ya simu ya mama mdogo kwa rangi nyeupe pale juu haitasomeka, iwekee nyuma yake kibao cheusi kinachopitisha mwanga kidogo. Ukimaliza ifungue kwa simu yake yeye, kwa bando lake, pale pale mapokezi, ngalawa zikichelewa kutokea punguza picha tena.