Mama ana kiharusi, na usiku wote ni wangu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 38, naishi Tanga. Mama yetu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki vizuri. Nilifunga kibanda changu cha mitumba nikahamia kwake. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam, wanatuma pesa ya dawa na nepi kila mwezi bila kukosa, nawashukuru. Lakini kumgeuza, kumwogesha, kumlisha na kuamka usiku, yote mimi. Siku hizi akiniita usiku napandwa na hasira hata sijafumbua macho, kisha naona aibu. Mgongo unaniuma. Nikilalamika naambiwa nina bahati, napata radhi za mama. Je, nimepungukiwa imani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Imani yako ni nzima. Mtu anayeamshwa usiku kucha, miezi nenda miezi rudi, humkasirikia hata anayempenda. Nimefanya uuguzi wodini miaka mingi, na nimewaona wenzangu wapole wakiwa wakali baada ya zamu za usiku zilizofuatana. Wao asubuhi walikuja wengine kuwapokea, wakaenda kulala. Wewe zamu yako haina wa kuipokea, na hilo ndilo la kurekebisha kwanza.

Pesa ya kaka zako inahitajika sana, ila haimgeuzi mama saa nane usiku. Itisha kikao, na awepo mkubwa mnayemsikiliza wote, mjomba au mama mdogo. Usiombe kusaidiwa kwa jumla, maana utaitikiwa na wote na asije hata mmoja. Taja siku na mtu: kaka mkubwa anashika Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, wiki ya kwanza ya mwezi, mdogo wake, wiki ya tatu. Asiyeweza kuja alipe mtu wa kushika zamu hiyo, mbali na ile pesa ya dawa na nepi. Wakikuambia habari ya radhi, waambie nao ni watoto wa mama yule yule, radhi zinawatosha wote.

Najua utasema mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Ni kweli, na mama ana haki ya kusitiriwa. Basi kaka aje na mkewe, au mama mdogo apite kwa ajili ya kuogesha na nepi. Kugeuza, kulisha, dawa na kuamka usiku ni kazi anayoiweza mwanamume yeyote, tena kwa kugeuza wana nguvu kukuzidi.

Mfundishe hivi. Kunja shuka imara mara mbili, ilaze chini ya mama kuanzia mabegani hadi mapajani. Kunja goti lake, kisha vuta shuka ukiwa umekunja magoti yako kidogo, mgongo umenyooka. Mkiwa wawili ni bora zaidi. Msivute kamwe ule mkono uliopooza, bega lake hutoka mahali pake kwa urahisi na maumivu yake hayaishi upesi. Mto ukae chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila mnapomgeuza angalieni kiunoni kwa nyuma, nyonga na visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Wodini tunageuza kila baada ya saa mbili. Muulize muuguzi wa kituo chenu aione ngozi na godoro lake. Huenda usiku mkaruhusiwa kuachanisha zaidi, nawe ukapata usingizi mrefu kidogo. Chakula, ale akiwa ameketi wima, abaki hivyo nusu saa baada ya kumeza.

Sasa wewe. Mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini? Presha ya kupanda ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na hutembea katika familia. Nenda wiki hii. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena kama watakavyokuelekeza, usijiambie ni uchovu. Mgongo nao uwaonyeshe. Na ikitokea usiku ukahisi unaweza kumdhuru mama au kujidhuru, toka chumbani, gonga kwa jirani, na kukicha uwe kituo cha afya. Waeleze waziwazi, wamewahi kuwasikia wengine.

Mama atakataa watu wapya. Mweleze mpango mapema, wewe mwenyewe, ukimtazama. Maneno kutotoka si ushahidi kwamba haelewi. Zamu ya kwanza ya kaka uwe chumba cha pili, wakuite wakikwama. Ya pili nenda sokoni, urudi jioni. Ya tatu lala kwa rafiki yako, simu uwaachie namba ya mama mdogo badala ya yako. Mama akinuna, kaka avumilie. Mtoto wake ni yeye pia, watazoeana.