Garfield ni dume, weka brashi chini kwanza

Acha kabisa, usipake hata tone. Unasema umepewa ukuta wa saluni ya wanawake huko Kadutu, Bukavu, unataka kumchora Garfield, yule paka wa katuni, na gauni na hereni, na unauliza: je, Garfield ni jike? Nikujibu, maana swali hilo limenilia pesa.

Ni dume. Dume kabisa.

Mimi nami nilipewa ukuta wa saluni, upande wa Ibanda. Mama mwenye saluni alitaka paka mrembo. Nikaenda kumwuliza jamaa mmoja tunayemwita Profesa, kisa simu yake haikosi megabaiti. Akanifungulia mahojiano ya mwaka 2014, Jim Davis, mchoraji mwenyewe wa Garfield, akisema huyu ni paka wa watu wote, si dume hasa wala jike. Profesa akakunja mikono: "Mwenye paka amesema. Wewe nani ubishe?"

Sikubisha. Nikampaka midomo myekundu, kope kama fagio, gauni la kitenge. Rangi yote nilinunua kwa mfuko wangu, nikitumaini kurudishiwa kazi ikiisha.

Wa kwanza kupita walikuwa watoto wa shule. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakafuata wateja. Kisha Mama akatoka, na ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi: "Papa, umenivalishia mwanaume gauni mlangoni kwangu?" Nikaanza kumweleza habari za mahojiano. Jamani, usijaribu kumweleza mwenye saluni habari za mahojiano. Malipo sikuyaona. Nikanunua rangi nyeupe, tena kwa mfuko wangu, nikafuta ukuta mzima huku kijana anayeuza unite za simu pale kando akiniuliza bibi arusi anahamia wapi.

Na Profesa? Eti mimi ndiye sikumwelewa! Kumbe mwaka 2017 maneno yaleyale yalizua vita kwenye Wikipedia: huyu anaandika dume, yule anafuta anaandika hana jinsia, zaidi ya siku mbili, mpaka gazeti la Washington Post likamwuliza Davis, naye akajibu kwamba Garfield ni dume na ana mpenzi wake, Arlene. Habari hiyo ilikuwa kwenye simu ileile, angesukuma kidole kidogo tu. Uprofesa wa nini huo? Sasa nikimwona navuka barabara, nisije nikashauriwa tena.

Kwa hiyo nisikilize, ndugu yangu: mnyama wa bede, yaani kitabu cha katuni, usimchore kabla hujaisoma bede yenyewe. Si mahojiano, si rafiki mwenye simu. Tafuta albamu moja ya Kifaransa, hata iliyochanika jalada, usome. Katuni ilianza 1978, na 1980 Arlene keshaingia. Ningefungua kurasa chache tu nisingefuta ukuta. Hata kope zisikudanganye: Nermal, yule mdogo anayejisifu kuwa mzuri kuliko wote, ana kope ndefu na katika katuni ya asili ni dume vilevile.

Atakuja mjuaji hapa akutajie Krazy Kat, paka mwingine wa katuni, wa mchoraji George Herriman. Ni kweli, huyo tangu 1913 hadi 1944 alikuwa mara dume, mara jike, na Herriman hakumfungia upande. Lakini hayo pia yamo ndani ya katuni yake, huhitaji Profesa. Na halafu, pale Kadutu nani atamtambua Krazy Kat?

Mchoree huyo Mama Arlene. Mwili wa pinki, midomo minene, na mwanya kwenye meno ya mbele. Mwanya kwetu ni urembo, wateja watampenda. Ila usiusahau, la sivyo watasema ni Garfield aliyepauka kwa jua.