Mkimuaga mchungaji, ulizeni kwanza lori lina nafasi gani

Nimekuwa katibu wa kamati ya kuaga mara mbili, katika usharika wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku Kilimanjaro. Mara ya kwanza tuliharibu.

Barua ya uhamisho ilifika Novemba. Januari mchungaji awe ameripoti Karatu. Sisi tukakimbilia michango. Jumuiya zikashindana, akina mama wakaleta vitenge, na wazee wa kanisa wakaamua kwamba heshima ya usharika ni kabati la vyombo la mninga, milango minne. Siku yenyewe ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa, risala zikasomwa tano (ya vijana kurasa sita!), watu wakapita mbele wakicheza na bahasha zao. Ikapendeza kweli.

Kesho yake alfajiri Fuso likaja. Vitanda, magodoro, maboksi ya vitabu, masufuria, kuku wa mama mchungaji. Kabati halikuingia. Likalala kwa jirani hadi Pasaka, kisha mchungaji akalisafirisha kwa hela yake: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu kile kilima cha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Na alikuwa bado anatudai posho ya usafiri ya miezi miwili, jambo ambalo hakuna risala iliyoligusa.

Kwa hiyo kamati ianzie kwenye daftari la mtunza hazina. Lipeni deni kwanza, wala msilitangaze kwenye kipaza sauti kama zawadi. Kisha mtume mtu mwenye busara nyumbani, si ofisini, akamuulize mama mchungaji wamepungukiwa nini. Yule wa kwetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Uhamisho wake haukuwa umetoka, ikabidi abaki na mtoto mdogo, huku nyumba ya usharika ikisubiri mchungaji mpya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kwenye risala zote tano alikuwa "na familia yake", basi.

Mara ya pili tulitoa fedha taslimu wiki mbili kabla, tukalipia lori, vijana wakafunga mizigo. Shule ya Jumapili wakafanya hafla yao Jumamosi, soda na maandazi, na mtoto wa mchungaji, wa darasa la sita, akapewa mpira ulioandikwa majina ya wenzake. Nadhani ndiyo zawadi iliyoliliwa kuliko zote. Watoto hawa wanahamishwa bila kuulizwa, na tumezoea kuwaona kama sehemu ya mizigo.

Risala tulibakiza moja. Mzee mmoja alinung'unika, nikamwonyesha Matendo 20: wazee wa Efeso walipoagana na Paulo kule Mileto, hotuba iliyoandikwa ni ya Paulo. Wao walipiga magoti pamoja naye, wakalia, wakamsindikiza mpaka merikebuni.

Akishaondoka, mwacheni. Msimpigie simu kumshtakia mchungaji mpya. Salamu za sikukuu zinatosha.

Lile kabati nililiona mwaka jana nilipopita Karatu. Mlango mmoja umeng'oka, na mama mchungaji anahifadhia humo pumba za kuku. Alicheka kuliko mimi.